Springi Nilizoziongeza na Kidole cha Mutinda

Vijana wangu wa gereji, na nyinyi mnaoendesha magari ya kanisa, nawasalimu. Nimesikia kwamba wiki ijayo lile gari jipya la zahanati ya kanisa litapelekwa Kitui kuongezwa mabamba mawili ya springi kila upande wa nyuma, ili lisibonyee likibeba simiti. Tangu nisikie habari hiyo nalala vibaya. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama ni tumbo. Si tumbo. Ni hizo springi.

Ningesema kwenye kamati, lakini mikutano ya siku hizi inakwenda haraka na mimi nazungumza polepole, kwa hiyo naandika. Magari ya namna hiyo, marefu, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, nimeyaendesha na kuyatengeneza kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Mungu amenitunza. Sijawahi kupindua gari wala kugonga hata mbuzi. Lakini kuna mtu niliyekaribia kumlemaza bila kugonga chochote, na nilikuwa nimeanza kumlemaza miezi mitatu kabla hajaumia, nikiwa chini ya gari na spana mkononi, nikiimba.

Kwanza muelewe gari lenyewe. Chini kuna chesisi, kama ngazi ya chuma iliyolazwa. Juu kuna bodi, ile nyumba ya abiria, imekalia ngazi hiyo juu ya vipande vya raba. Kati ya ngazi na magurudumu kuna springi, na kando ya springi kuna shokomzoba, mikebe mirefu yenye mafuta ndani, ambayo kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka ikishapigwa. Tairi linakula pigo kidogo, springi inakula kidogo, bushi za kwenye viungo na raba za chini ya bodi zinakula kidogo, na kinachobaki ndicho kinachomfikia mtu. Ukikaza kimoja, sehemu yake inapita kwa kinachofuata. Ukikaza vyote, pigo lote linafika kwenye mgongo wa mtu.

Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na fundi Hassan, aliyekuwa na gereji ya mabati mwisho wa mji wa Kitui. Watu wake walitoka upande wa Garissa na malori ya ng'ombe, naye alipenda kusema ng'ombe ni abiria mzuri wa kufundishia, kwa sababu akirushwa anaanguka, hasemi "asante dereva, safari ilikuwa nzuri."

Mara ya kwanza nilipompelekea gari la zahanati, aliniuliza linakwendaje.

"Vizuri tu," nikasema.

"Shemasi, wewe unakaa wapi?"

"Kwenye usukani. Nikae wapi tena?"

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Basi huwezi kujua. Ingia nyuma, ulale."

Nililala kwenye sakafu ya gari nikiwa na shati la kazi na heshima yangu yote. Hassan akashika usukani, akanizungusha barabara za nyuma ya soko kwa muda wa robo saa. Jamani! Kila jiwe lilinikuta sina habari. Kichwa kiligonga hapa, kiuno kikagonga pale. Nilikuwa naona paa la gari tu, sijui kama tunaingia shimoni au tunatoka. Aliposimama niliteremka nimeshika mgongo kama mzee wa miaka themanini.

"Sasa umeelewa," alisema. "Dereva analiona shimo mapema, mwili wake unajikaza kabla gari halijaingia. Halafu ana usukani wa kushika. Aliyelala nyuma hana vyote viwili. Mimi gari namtengenezea huyo wa nyuma."

Tangu siku hiyo, kila nilipogusa springi au shokomzoba, nililala nyuma kwanza mtu mwingine akaendesha. Kila mara, isipokuwa mara moja. Hiyo moja ndiyo inayonifanya niandike.

Ila kabla sijafika huko, jambo la tairi, kwa sababu najua mnajaza upepo mpaka tairi linalia kama ngoma. Nami nilijaza hivyo zamani, nikidhani tairi gumu ndilo lenye nguvu. Tulikuwa tumetoka Kalamba, Makueni, kwenye ibada ya mavuno, nimembeba mchungaji wetu na mke wake. Waumini wa kule walikuwa wamewapa trei ya mayai, na mama mchungaji aliipakata mapajani. Barabara ilikuwa ya mawe. Hatujafika mbali, mchungaji akauliza kwa sauti ya upole, "Shemasi, tumekaribia?"

"Bado, mchungaji. Hii ni kona ya kwanza."

"Mimi mayai sita yameshanipasukia mapajani," alisema mama mchungaji. "Yanatiririka."

Nikasimamisha gari. Sikuwa na geji ya kupimia upepo, kwa hiyo nilichukua kijiti, nikabonyeza kijipini cha vali, nikatoa upepo kwa kipimo alichonifundisha Hassan. Yeye alihesabu kwa tasbihi yake. Mimi nikahesabu kwa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwa kila tairi. Ubeti mmoja kwa barabara ya mawe, miwili kwa mchanga mzito. Ukifika lami unajaza tena, usisahau, la sivyo tairi litapata moto na kupasuka. Tulipoondoka pale hakuna yai lingine lililovunjika. Mama mchungaji akasema, "Kumbe wimbo wenyewe ulitakiwa kuimbwa Kalamba kabla hatujaondoka."

Sasa springi.

Mwethya wetu, kile kikundi cha kufanya kazi za kijiji kwa pamoja, ulikuwa unajenga bwawa la mchanga mbele ya Zombe: ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto mkavu, ili mvua ikinyesha mchanga ujae nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga. Kanisa lilikuwa limeahidi kusafirisha simiti, na gari lililokuwepo ni la zahanati. Nilipakia mifuko mpaka nyuma ikabonyea na pua ikaangalia juu. Wanawake wa mwethya waliokuwa wanachota mchanga wakaniona nikiingia mtoni hivyo. Mmoja, mama mtu mzima tuliyemwita mwaitu, yaani mama, Kasiva, akapiga kigelegele: "Njooni muone! Gari la kanisa limekuwa fisi!"

Wakacheka wote. Siku ya pili nilipofika, watoto walinikimbilia wakiita, "Fisi! Fisi!"

Vijana wangu, mimi ni mtu wa sala, lakini hilo liliniuma. Nilikwenda nikatafuta mabamba ya springi ya lori kuukuu, nikayakata yakatosha, nikaongeza mawili kila upande. Gari likasimama wima likiwa na simiti na likasimama wima zaidi likiwa tupu. Watu wakalisifu. Sikulala nyuma. Nilijiambia sina wa kuniendesha, na ni uongo, walikuwepo.

Muuguzi wa zahanati, nesi Mwikali, alinijia baada ya wiki moja. "Nzioki, akina mama wajawazito wananiambia afadhali watembee."

"Springi ni mpya," nikamwambia. "Zitazoea."

Springi hazizoei. Chuma hakina tabia hiyo. Nilijua, na bado nilisema.

Ikafika asubuhi ambayo fundi wa mawe, Mutinda, alikuwa kwenye ukuta akipanga mawe ya juu. Nilikuwa nimeshusha simiti, wameshaichanganya yote, nimeketi kivulini na kikombe cha uji. Jiwe kubwa likateleza, likampiga begani, naye akaanguka kinyumenyume ndani ya mtaro wa msingi. Alitua na mgongo juu ya mawe.

Tulitaka kumwinua. Mke wake, mama Kioko, aliyekuwa akibeba maji, alituzuia kwa mikono miwili: "Msimguse! Mwacheni hivyo alivyo mpaka nesi aje!" Mungu ambariki, huenda hapo ndipo alipomwokoa.

Nesi Mwikali alifika kwa bodaboda. Alipiga magoti mtaroni, akamshika miguu, akambonyeza hapa na pale. Kisha akamvua kiatu cha kulia. "Mutinda, songa kidole gumba."

Tukasubiri. Kidole kikasonga, kidogo sana, kama mtu anayekataa jambo kwa aibu.

"Tena."

Kikasonga tena.

Nesi akasimama, akazungumza nasi kwa sauti ya chini. "Uti wa mgongo umeguswa. Maadamu kidole kinasonga, njia bado ipo. Akitikiswa vibaya inaweza kukatika, na hatatembea tena. Kazi yetu ni kufika Kitui kidole hiki kikiwa bado kinasonga." Alipiga simu. Ambulensi iliyokuwa karibu ilikuwa imekwenda upande mwingine na mama aliyekuwa akitokwa na damu. Akaweka simu mfukoni, akageuka akaliangalia gari langu, halafu akaniangalia mimi.

"Ni hili linaloruka?"

"Ndilo," nikasema.

Nilimwambia nitoe yale mabamba. Akauliza itachukua muda gani. Nati zilikuwa zimekazwa na mimi mwenyewe, kwa bidii. Nusu siku, nikamjibu. Akatikisa kichwa.

Nilizunguka gari mara moja nikiomba, na sikuwa na maneno mazuri, nilisema tu, "Bwana, nimekosa, usimwadhibu Mutinda." Nikiwa nyuma ya gari nikakumbuka malori ya ng'ombe ya kina Hassan. Alisema lori likishusha ng'ombe na kurudi tupu humtikisa dereva mpaka meno yanauma, kwa sababu springi zilizofanywa kwa mzigo hazitaki kukunjika bila mzigo. Nilikuwa nimelifanya gari la wagonjwa kuwa la simiti. Basi lipewe uzito wa simiti.

"Mchanga!" nikawaita wanawake. "Leteni magunia yenu ya ndengu, myajaze mchanga!"

"Mgonjwa yuko huku na huyu anataka mchanga?" mtu akauliza.

"Nyuma ya gari. Mengi! Na yasishindiliwe sana."

Mwaitu Kasiva ndiye aliyeelewa kwanza. "Fisi!" alisema, na safari hii hakucheka. "Anataka gari libonyee liwe fisi. Jazeni!"

Sijaona mwethya ukifanya kazi vile. Hakuna aliyeimba. Magunia yalijazwa nusu, yakafungwa kwa vipande vya leso, yakapitishwa mkono kwa mkono. Nilitoa viti vya nyuma, nikayapanga ya mchanga wenye unyevu chini, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, kwa kuwa ni mazito zaidi, na ya mchanga mkavu juu, kwa kuwa mchanga mkavu hujilaza kufuata kilicholazwa juu yake. Gari likashuka taratibu mpaka lilipokaa pale lilipopaswa kukaa siku zote. Nikatoa upepo kwenye matairi, ubeti mmoja kila moja. Sauti yangu haikutoka, niliuimba moyoni.

Nesi alimchoma Mutinda sindano ya maumivu, akamfunga kwenye ubao wa kumiminia zege, wanaume sita wakamwinua kwa neno lake. Tulimlaza juu ya magunia, mbele kidogo ya ekseli hiyo, katikati ya gari, kwa sababu hapo ndipo panaporuka kidogo kuliko pengine. Vigunia vidogo vya mchanga tukavibana kila upande wa kichwa, mbavu na nyonga. Mama Kioko akaketi miguuni, ameshika kile kidole, na nesi akakaa kichwani.

Barabara ya Zombe kwenda Kitui ilikuwa imejikunja kama mabati ya paa. Kijana akiwa peke yake huendesha kasi juu ya mikunjo hiyo, gari likaelea. Usifanye hivyo na mgonjwa, maana shimo la kwanza litakuja ukiwa huwezi kusimama. Nilikwenda polepole, gurudumu la kushoto kwenye ukingo laini wanakopita mbuzi. Kwenye makorongo niliingia uso kwa uso, magurudumu mawili pamoja. Gurudumu moja likishuka peke yake bodi hulala upande na kurudi, na huko kulala na kurudi ndiko kunakopinda mgongo.

Nyuma nilisikia sauti moja tu. "Baba Kioko, songa kidole." Kimya. "Kimesonga."

Mita mia nyingine. "Songa." Kimya. "Kimesonga."

Kile kimya cha katikati, vijana wangu, ndicho kilichonizeesha.

Nusu ya njia nilisimama kushika shokomzoba kwa mkono. Hili mjifunze: baada ya barabara mbaya, inayofanya kazi inakuwa na moto, kwa sababu inakula pigo. Iliyo baridi imekufa. Tatu zilikuwa moto. Ya nyuma kushoto ilikuwa baridi kama jiwe la mtungini. Springi zangu ngumu zilikuwa zimeimaliza. Nilihamisha magunia mawili upande huo, nikapunguza mwendo tena, mpaka mtu wa baiskeli akatupita na kutuangalia kwa huruma.

Tulikuwa tumeanza kuona nyumba za pembeni ya mji niliposikia, "Songa kidole." Kimya. "Baba Kioko, songa." Kimya. Kisha sauti nyingine kabisa: "Nesi, kimekataa."

Nilisimama katikati ya barabara. Sikuthubutu kugeuka. Nilihesabu makorongo yote tuliyopita, nikitafuta lile nililoingia vibaya.

Nesi Mwikali akampiga Mutinda kofi dogo shavuni. "Mutinda! Wewe Mutinda!"

"Eeh?"

"Unafanya nini?"

"Nimelala. Si umenichoma sindano ya kulala?" Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeudhika, "Na mbona tumesimama? Nzioki ameshuka kununua maembe?"

"Songa kidole!" mama Kioko akampigia kelele.

"Nimekisonga tangu asubuhi, mwanamke. Kimechoka."

Lakini alikisonga. Mama Kioko akacheka huku akilia, nesi akaniambia, "Endesha," nami nikaendesha bila kuona vizuri, kwa sababu ya macho yangu. Tulimkabidhi hospitalini na kidole chake. Madaktari walimfanyia kazi yao, Mungu akafanya yake, na baada ya miezi mingi Mutinda alisimama. Mguu wa kushoto anauburuta, anatumia fimbo. Kujenga ukuta mrefu hawezi tena. Hupanga mawe ya chini akiwa ameketi.

Juma lile lile nilitoa yale mabamba yote manne, nikaweka shokomzoba mpya, nikalala nyuma, nesi akaendesha. Simiti iliyobaki ilikwenda mtoni kwa punda. Kamati ililalamika na nikakubali kulalamikiwa.

Basi naomba, msiniheshimu kwa kuninyamazia halafu mkafanya mliyopanga. Kabla gari hilo halijakwenda Kitui, kila mwanakamati alale nyuma, aendeshwe kutoka Zombe hadi kijiji cha Tulia likiwa kama lilivyo. Halafu mkiongeza mabamba, mlale tena, njia ile ile. Mimi nitakuja na mkeka.

Mutinda bado nakutana naye sokoni Zombe. Hanisalimu kwanza. Akiniona anasimama, anaegemea fimbo, anatoa mguu wa kulia kwenye kandambili, na watu wanaotujua wanaanza kucheka, kwa sababu ni mchezo wetu wa miaka mingi. Ananiangalia usoni, hana haraka. Na mimi, mzee mzima, nasimama katikati ya soko nimeshika kofia, nakitazama kidole hicho, nikisubiri.